Betri za gari letu la kulala zilichaji kila siku lakini hazikujaa

Wakuu, amani iwe kwenu na kwa wa nyumbani kwenu. Nimefundisha madrasa hapa Ilemela mpaka ndevu zikaota mvi, kwa hiyo uongo sitauanzia uzeeni, tena mtandaoni. Nasimulia jambo kama lilivyonikuta.

Nilipostaafu tulinunua kibasi kikuukuu. Tukang'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na friji ndogo. Mimi na mke wangu, Bi Zainabu, tukawa tunazunguka kandokando ya ziwa kutembelea watoto. Tukifika tunalala humohumo garini, hatumhamishi mtu chumbani kwake.

Friji ndiyo iliyobeba safari zote. Bi Zainabu ana kisukari, na akiba yake ya insulini lazima ikae kwenye ubaridi. Friji inatumia betri mbili za nyuma, nazo zinachajiwa na injini tukiwa barabarani.

Shida ni kwamba betri zilikuwa hazidumu. Nanunua mpya, baada ya muda zinachoka.

Safari moja tumeamka Geita, friji imezima na dawa imepata joto. Nesi wa zahanati ya pale akatuambia tusiitumie. Tukageuza gari.

Tukavuka daraja kuja Kigongo, upande wa kwetu. Ndipo Bi Zainabu akasema, kwa upole tu, kwamba kuanzia sasa niende peke yangu, yeye atatuma salamu.

Ndugu zangu, iliniuma. Tumezeeka pamoja. Nikawaone wajukuu peke yangu, niwaambie nini?

Tukapeleka gari kwa fundi Masanja, Butimba. Akawasha injini, akanionyesha taa ya chaji kwenye dashibodi imezimika.

"Inachaji, mzee wangu. Mbona iko vizuri."

Bi Zainabu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari. "Habari ya kuchaji naisikia tangu mwaka jana. Inajaa?"

Masanja akacheka. "Hapo umenibana, mama."

"Sijakubana, nauliza. Maalim hapa alikuwa na wanafunzi wanahudhuria kila siku, na hadi leo alifu kwa ujiti hawaijui."

Na ni kweli.

Masanja akachukua mita ya kupimia umeme, tukaenda naye mpaka Magu na kurudi, anapima betri ya mbele ya kuwashia gari na zile za nyuma. Jibu likapatikana. Waya wa kwenda nyuma ulikuwa mrefu na mwembamba, umeme unafika umepungua. Betri zinapanda kidogo tu, kisha zinabaki hapohapo. Na hizi betri za maji, zikiishi bila kujaa, zinakufa mapema.

Akafunga chaja ya kati, karibu na betri za nyuma. Inapokea umeme wa alternata, ile jenereta ya injini, inaupandisha, inachaji mpaka betri zijae, kisha inapunguza zisichemke. Injini ikizimwa nayo inajikata, hivyo betri ya kuwashia gari inabaki salama. Akabadilisha na waya, akaweka mnene wenye fyuzi kila upande.

Betri za zamani nazo tulizitoa, tukaweka mpya. Masanja alisema chaja haifufui betri iliyokufa. Nikamwambia sawa, kazi hiyo ina mwenyewe.

Bi Zainabu hakukubali maneno matupu. Kwanza alitaka friji ilale na chupa za maji na kipimajoto, gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Ilipofaulu ndipo akapanda, tukaenda Sengerema kwa mtoto wetu.

Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, nikamsikia anafungua friji. Akaja kunibandika kichupa cha dawa shavuni. Baridi kabisa. Alhamdulillah, sijawahi kufurahia baridi kiasi hicho.

"Haya, Maalim," akasema. "Bukoba lini?"

Nilichojifunza: ukiona taa ya chaji imezimika, usiishie hapo. Pima betri ukishafika mwisho wa safari, na pima kwenye betri yenyewe. Na mwenye kuuliza swali jepesi, msikilize, hata kama ni mkeo na anakutania mbele ya fundi.

Sasa wakuu, mliowahi kulaza gari njia ya Bukoba, niambieni wapi pana usalama na maji karibu. Nilipokosea kwenye mambo ya umeme mnirekebishe pia. Bi Zainabu ameshaanza kupanga nguo.