Baba Amelifuta Jina Langu Kwenye Ukoo

Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana Mji wa Kale ni mdogo na jamaa zangu hawakosi kusoma habari za watu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nafanya kazi ya kompyuta hapa Mombasa, na mwezi wa Mfungo Sita ukiingia naolewa.

Jamaa zetu wengi wako Maskati. Walitaka shajara ya ukoo, ule mti wa majina ya nasaba yetu, iwekwe kwenye mtandao, nami nikaiweka. Kuisoma, yeyote wa ukoo angeisoma. Lakini mlango wa ndani, wa kuongeza na kufuta majina, niliufunga kwa neno la siri, nikahakikisha lapita mtandaoni likiwa limefichwa ili asilidake mtu njiani. Wenye ufunguo tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, kwa kuwa yeye ndiye mtunza shajara. Nilijivuna sana na ule mlango wangu.

Juzi Baba aliniuliza, "Mwanangu, jina likifutwa humu lafutika kweli, ama lajificha tu?"

Nikamcheka. "Lafutika, Baba. Tazama usije ukamfuta mtu!"

Kesho yake nikafungua, nikakuta Baba ana watoto wawili, kaka zangu. Mimi simo. Mashine huandika kila aingiaye, nikatazama. Ni Baba.

Nilimwendea Mama, alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso. "Sikukuzaa, mwanangu, nimekulea. Babako asema hawezi kusimama mbele ya kadhi akuoze kwa ubini usio wako, uitwe binti yake na si yeye aliyekuzaa." Nikamuuliza, mimi ni binti nani? Akasema hilo ni la Baba kulisema.

Sikulia. Nilimsaidia ule mchele, nikala, nikarudi kazini. Hadi sasa nazungumza na watu, nacheka, lakini sisikii kitu moyoni, si uchungu, si hasira.

Baba mwenyewe hajanambia neno juu ya hilo. Leo asubuhi, akienda dukani, alisimama mlangoni akasema, "Nitoe mimi kwenye ule mlango wa ndani wa mashine yako, nisiweze kuingia tena. Ufunguo baki nao weye." Hakunitazama.

Kujirudisha ni kazi ndogo, na wakwe zangu walioko Maskati hawatajua kitu. Kadhi naye ataandika atakaloambiwa. Nishaurini, wenzangu: nijiandike tena binti wa Baba ninyamaze, ama nimfuate dukani nikamuulize babangu ni nani?