Nilivyokwenda Palma Kulinyoosha Neno Kasa

Shangazi yangu Somoe hapigi simu. Kwake simu ni chombo cha kupigiwa. Kwa hiyo asubuhi aliponipigia, nikiwa juu ya ngazi pale sokoni Mtwara namalizia bango la duka la dawa, nilijua kuna jambo.

"Bakari," akasema bila hata salamu, "wametwambia hatuna nyumba."

"Nani kawaambia?"

"Watu wa gesi. Wanasema sisi huku ni watu wa msimu, tuna vibanda. Wenye nyumba watajengewa nyingine. Wa vibanda watapungiwa mkono. Njoo wewe unayejua Kireno."

Kireno changu nilikiokota Mocímboa da Praia, nilipokaa ujanani nikichora mabango. Ni Kireno cha ukutani: mkate, kinyozi, ni marufuku kukojoa hapa. Lakini kwenye ukoo wetu mimi ndiye profesa. Tena nina ugonjwa mmoja ambao wateja wangu wote wanaujua: nikiona neno limekaa vibaya siwezi kulala mpaka nilinyooshe. Na shangazi ni dada yake baba, aliolewa ng'ambo ya Ruvuma kabla sijazaliwa, mumewe kazikwa nyuma ya nyumba ileile inayoitwa kibanda. Nyumba ya boriti na mawe, imepakwa chokaa, imeezekwa bati alilolinunua kwa kuuza pweza mwaka baada ya mwaka. Kama kile ni kibanda, mimi naishi ndani ya kiberiti. Nikashuka ngazini, nikafunga brashi zangu kwenye gazeti, nikaondoka.

Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, nilikuta pantoni imelala, haifanyi kazi, na hakuna aliyeonekana kushangaa. Tukapanda boti ya mashine. Katikati ya mto maji yakatuishia, boti ikakaa juu ya fungu la mchanga, nasi tukashuka kusukuma huku nahodha akituhakikishia kwamba viboko wa upande ule wana adabu. Jirani yangu katika kusukuma alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu.

"Nawe unafuata gesi?" akaniuliza.

"Namfuata shangazi yangu."

Akacheka mpaka akaacha kusukuma. "Siku hizi kila mtu ana shangazi Palma!"

Namoto, upande wa Msumbiji, ofisa wa uhamiaji aliuliza kwa Kireno sababu ya safari yangu. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nikajibu neno moja, kwa matamshi safi: "Casa." Kwa Kireno hiyo ni nyumba. Ofisa akainua macho kwa hamu. "Ya kununua au ya kupangisha?" akauliza, kisha akanieleza kwamba shemeji yake ana kiwanja kizuri njia ya kwenda ufukweni, karibu kabisa na pale gesi itakapotokea. Nikamwambia nitafikiria. Akagonga muhuri kwa upole mkubwa.

Palma tuliingia mchana, nyuma ya gari la mizigo, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Mji ule niliuacha mdogo na mkimya. Sasa kila ukuta ulikuwa umepata jina jipya, na mimi kama mtu wa mabango nililazimika kusimama na kusoma. Kinyozi Gesi. Mgahawa Gesi. Fundi cherehani naye kajiita Gesi. Nikaingia kwenye huo mgahawa, nikaagiza chai, nikamwona mama wa jikoni akipuliza mkaa mpaka machozi yanamtoka. Nilipomuuliza kwa nini hapikii gesi, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini hapikii mbalamwezi. "Hiyo gesi si ya kupikia, kaka," akasema. "Ni ya kungojea."

Kijiji cha shangazi kinaitwa Mpungani, na kutoka Palma nilifika kwa pikipiki, njia ya mchanga katikati ya minazi. Shangazi alikuwa mlangoni. Alinikagua kwa macho toka juu hadi chini, akasema nimekonda, akaniwekea wali wa nazi na pweza wa kukaanga, kisha akakaa kunitazama nikila. Nilipomaliza ndipo akazungumza.

"Ntu nzima mimi," akasema, "nimezaa humu, nimezika humu. Leo kitoto kije kiniambie sina nyumba?"

"Walikuuliza nini, shangazi? Nieleze neno kwa neno."

Akanieleza. Alikuja dada mmoja wa kampuni, Dona Celeste, mtoto wa Maputo, mzuri, kavaa viatu vikubwa. Kajifunza Kiswahili kidogo cha safarini: hapa, wapi, ngapi, asante. Pamoja naye mkalimani kutoka Nampula, ambaye Kiswahili chake kinatosha kuombea maji ya kunywa. Kijiji kizima kikakusanywa. Dona Celeste akataka kuwafurahisha watu kwa lugha yao, akasimama mwenyewe akauliza: "Kasa wapi? Hapa kasa ngapi?"

Nikajua papo hapo kuna neno limekaa vibaya.

"Mkajibu nini?"

"Tukajibu kweli. Mimi ndiye niliyejibu, maana kasa huwa wanakuja hapa mbele ya mlango wangu. Nikamwambia, kasa hawakai hapa. Wanakuja msimu wao, wanachimba mchangani, wanataga, wakimaliza wanarejea baharini. Kasema asante. Akafurahi sana."

Msomaji wa Mtwara au Kilwa hahitaji kuelezwa kasa ni nani: yule mnyama wa baharini mwenye gamba, anayepanda ufukweni kutaga mayai na kurudi zake majini. Lakini Dona Celeste alikuwa anauliza nyumba. Na mkalimani, ambaye neno kutaga hakulijua, aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akamfikishia dada wa watu yaliyobaki: hawakai hapa, wanakuja msimu wao, wanachimba mchangani, wakimaliza wanarudi baharini. Kwa Kiswahili kitamu, "wanakuja" ni kasa, ni wavuvi, ni mashangazi, ni yeyote mwenye pumzi. Hivyo ndivyo kijiji kizima cha watu wenye makaburi na mihogo kilivyogeuka kambi ya wapita njia, kwa ushahidi wa shangazi yangu mwenyewe.

Nilicheka. Nakiri nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi hakucheka.

"Wewe unacheka," akasema. "Mimi sijalala tangu siku ile."

Kesho yake, tukiwa njiani kurudi Palma, mvua ilianza kunyesha, na tulifika ofisini kwa Dona Celeste tumelowa mimi na shangazi. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, na ndani yake, mbali na Dona Celeste, palikuwa na mhandisi mmoja Mjapani aliyekaa kimya mbele ya kompyuta yake. Dona Celeste alitupokea kwa heshima, akatuletea viti. Nikaanza na Kireno changu cha ukutani.

"Ulimuuliza kasa," nikasema. "Akakujibu kasa. Lakini kasa si casa."

"Casa ni casa," akasema kwa upole, kama daktari na mgonjwa.

"Kasa yake ni kasa, ya kwako ni casa."

"Ndiyo. Kasa. Casa."

Tukaenda hivyo kwa muda, kasa, casa, kasa, sauti zikipanda, na shangazi akitingisha kichwa kila lilipotajwa. Mimi ninayejidai kunyoosha maneno nilikuwa nimekwama kwenye silabi mbili. Ndipo yule Mjapani akainuka. Alitutazama, akatazama mvua dirishani, akaingia chumba cha pili, akarudi na mwavuli mweusi. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akainama.

"Kasa," akasema, akiugusa mwavuli. Kumbe kwao kasa ni mwavuli, na alichoelewa yeye ni kwamba wageni wawili waliolowa wamekuwa wakiuomba muda wote huo kwa kelele.

Dona Celeste akaangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika. Akautazama mwavuli, akamtazama shangazi. "Kwa hiyo yeye," akaniuliza polepole, "kwake kasa ni nini?"

Nikainama nikachora kwa kidole chenye maji juu ya meza: gamba, kichwa, makasia manne. Akaweka mkono mdomoni. "Meu Deus," akasema. "Kobe wa baharini." Nataka kumtendea haki: machozi yalimlengalenga. Alimshika shangazi mikono yote miwili, akamwambia desculpe, samahani, mamã, samahani. Shangazi akamwambia haidhuru, mwanangu, ndiyo kukua. Tulitoka na mwavuli wa watu juu ya vichwa vyetu, na mimi nilijiona nimeikomboa nchi.

Mpungani, siku aliyokuja Dona Celeste mwenyewe kuona, palikuwa kama sikukuu. Alipita mlango hadi mlango, akaingia, akagusa kuta, akaonyeshwa kaburi la mume wa shangazi, akasimama hapo kwa adabu. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesikia kazi yangu, akanipa ombi. Ili pasitokee tena utata wowote, je, naweza kuandika kwenye kila nyumba neno casa, kwa herufi kubwa, lisomeke toka mbali? Rangi angetoa yeye.

Nilifungua brashi zangu kwa fahari. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Ya shangazi niliitia na kivuli cha bluu pembeni mwa kila herufi, kama mabango ya maduka makubwa. Watoto walinifuata wakisoma kwa sauti. Shangazi alileta kiti akakaa mbele ya ukuta wake akiutazama.

"Sasa hata kipofu ataona," akasema. Alifurahi, na mimi nilifurahi kwa sababu yake. Hilo silikatai.

Alasiri ukafanyika mkutano, safari hii mkalimani nikiwa mimi. Dona Celeste akaeleza mpango sasa kwa kuwa wenye nyumba wamejulikana. Nyumba zote zenye neno zitahamishwa. Zitajengwa mpya huko juu, bara, nyumba nzuri za matofali zenye choo ndani. Na ufukwe? akauliza mzee mmoja. Ufukwe hautajengwa kitu, akasema kwa furaha ya mtu anayeleta habari njema. Wataalamu wamepita, wamethibitisha kwamba kobe wa baharini wanataga hapa. Hawaruhusiwi kusumbuliwa. "As tartarugas ficam."

Nikafungua mdomo nitafsiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikatamani kutokujua neno. "Anasema," nikaanza. "Anasema kasa watabaki."

Watu waligeuka kuitazama bahari. Bahari ilikuwa imekupwa, wanawake wengine walikuwa bado mwambani na vyuma vyao vya kuchokolea pweza, na toka huko bara kunakosemwa hakuna atakayeisikia bahari, seuze kuwahi maji yanapotoka. Shangazi aliinama akiokota mchanga na kuumwaga. Halafu akaniita kwa mkono, akaninong'oneza sikioni ili nisimtafsirie mgeni.

"Bakari, rangi hiyo inafutika?"

"Hapana, shangazi. Ni ya mafuta."

Niliondoka Mpungani kwa njia ileile niliyojia. Mto ulikuwa umejaa, hatukusukuma. Namoto yule ofisa akaniuliza kama niliipata ile casa. Nikamwambia niliipata. Akanipongeza.

Wasomaji hupenda msafiri arudi na funzo, nami nimejaribu kulitafuta. Najua watakaoniambia kwamba bila mimi shangazi angefukuzwa mikono mitupu, na leo ana nyumba ya matofali na choo ndani. Ni kweli. Wengine watasema kwamba kwenye ofisi ile, lau shangazi angehesabiwa kasa kweli, hakuna ambaye angeruhusiwa kumgusa. Hiyo nayo ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Nilidhani neno likinyooka mtu naye husimama pale alipo. Kumbe neno hunyooshwa na mmoja, hutumiwa na mwingine.

Alihamishwa. Muda mrefu ulipita kabla simu yangu haijaita tena na jina lake. Alikuwa ametembea kutoka bara mpaka Mpungani kwenda kumsomea mumewe dua, akakuta uzio, na kwenye uzio mlinzi kijana, Mmakonde wa huko juu, mstaarabu.

"Kanisimamisha," shangazi akasema. "Kaniambia, rudi mamã, hapa hapakanyagwi, hapa pana kasa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia najua, baba. Casa minha."

Nyumba yangu. Hicho kilikuwa Kireno cha kwanza nilichowahi kumsikia akisema, na hakikuwa na kosa hata moja.

"Akakupisha?"

"Alicheka," shangazi akasema. "Kadhani nafuga kasa."