Ukuta wa Dirishani kwa Mama Sudha

Ignasi Mchopa alikuwa mwashi kwa miaka ishirini na sita. Shirika la umma lililomwajiri lilipofungwa mwaka 1995, alirudi nyumbani, mtaa wa Gerezani, na barua ya kupunguzwa kazi, akaanza kutafuta vibarua Kariakoo. Mkewe, Klara, alikuwa akikaanga samaki barazani pa nyumba waliyopanga.

Mwaka uliofuata akapata kazi ya kumtia moyo. Mama Sudha, mjane mwenye duka la vitambaa, alikuwa anakarabati nyumba kuukuu ya wakwe zake karibu na Mtaa wa Msimbazi. Lipu ilikuwa inamomonyoka kwa chumvi. Mwanawe, Alpesh, akanunua bodi za jipsamu, unga mweupe uliogandishwa kati ya karatasi, mali ngeni wakati huo, akataka kuta za sebule zifunikwe nazo. Ignasi hakuwahi kuzishika, lakini alikubali. Akapigilia fremu, akafunga bodi, akaziba maungio, akapiga msasa, kisha rangi nyeupe. Wiki tatu nzima.

Siku ya kukabidhi, saa nne asubuhi, Alpesh alichukua balbu yenye waya mrefu, akaisogeza ikagusana na ukuta. Mwanga ulipopita kwa upande, kila ungio likajitokeza kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda.

"Fundi, umeona?"

"Nimeona."

"Basi shika penseli. Zungushia palipokosewa."

Ignasi akashika. Mbele yake palikuwa na weupe mtupu, kama moshi. Akachora duara hapa, akachora pale, jasho likimtiririka shingoni.

Mama Sudha akasema taratibu, "Ignasi, hapo ulipochora ni pazuri."

Ignasi alikuwa ameficha kwa miezi minane kwamba haoni vizuri, hata kwa Klara. Kuta za saruji alizipima kwa kiganja na hakuna aliyelalamika.

"Nipe siku mbili, mama," alisema. "Nitazinyoosha kwa mkono. Nakuomba."

Akapewa. Alipapasa kuta zile toka dari hadi sakafu, akisugua, akiziba, akisugua tena, mpaka vidole vikachubuka na kuacha damu kwenye rangi, damu asiyoiona. Balbu ilipowashwa mara ya pili, ukuta mmoja ulikuwa umenyooka. Wa dirishani ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Karatasi ya bodi ilikuwa imechanika.

"Yote ibomolewe," Alpesh alisema.

"Huu mmoja utabaki," mama yake akamjibu. "Wa dirishani ataurudia fundi mwingine, Shaibu." Akamgeukia Ignasi. "Kesho nenda hospitali. Ngazi ya kwangu hutaipanda tena ukiwa hivi."

Kesho yake ilibidi amwambie Klara, wakaenda pamoja. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia, dawa ingelishikilia kwa muda, ila kilichopotea hakirudi.

"Muda gani?" Klara aliuliza.

Daktari akampa kichupa cha dawa.

Wakarudi kwa miguu. Ndani, Klara akamkalisha kitandani, akafungua kichupa cha dawa.

"Ungeniambia lini, baba?"

"Nilidhani nitaimaliza kazi hii kwanza. Halafu nyingine."

Klara akamwinua kidevu. Tone la kwanza likaangukia shavuni. Ignasi akaanza kulia, na Klara akangoja anyamaze ndipo ajaribu tena.

Kazi ya ukuta hakuipata tena.