Tekla na Faili la Wakati Ujao

Haya nitakayoyasema hamtayaamini, wala sitawalazimisha. Kilabuni Lumemo niliyasimulia mara moja, jamaa mmoja akaninyang'anya kikombe akidhani kimeshanitosha. Lakini mtu yalimpata kweli, jina lake Tekla, mtoto wa dada yangu, na akili zake zote alizichukua ujombani.

Mwaka ule wa mvua za elnino, Tekla alikuwa mtu wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa afya pale Ifakara. Mradi ulikuwa unawapa watoto wachanga matone ya kuongeza damu. Mtoto hupewa kwa zamu. Zamu yake ikishapita imepita. Ukimrudishia, yale yale yanayomponya yanageuka sumu tumboni. Nani amepata na nani bado, yote yaliwekwa kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kutunza kumbukumbu, wenyewe wanaiita databesi.

Sasa ile programu ikawa imezeeka, inakwama kila siku. Mtaalamu wa Kizungu alipoondoka likizo aliacha sidii yenye programu mpya, akasema, "Msiiguse mpaka nirudi." Lakini gari la matone lilikuwa linakwenda kijiji cha Mbingu kesho yake alfajiri, programu ya zamani imegoma kufunguka, na simu ya nje ilikuwa imekufa tangu maji yalipobeba nguzo. Daktari Kassian, mkuu wa mradi, akauliza, "Tekla, unaweza?"

Tekla akasema anaweza. Katika ukoo wetu hilo neno ni ugonjwa.

Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo. Kwa hiyo asubuhi na mapema, kabla hata hajanywa uji, aliifuta programu ya zamani. Akaifuta yote. Kumbukumbu za watoto zikabaki kwenye disketi, salama, ila hakuna kitu duniani cha kuzisomea.

Niwaeleze kwa lugha ya bonde letu. Programu inaweza kukufikia kama mchele, unapika tu. Ile ya kwenye sidii ilikuja kama mpunga. Lazima uikoboe mwenyewe, humo humo ndani ya kompyuta. Kwanza kompyuta inakoboa faili moja moja, kila faili na mfuko wake wa mchele. Mifuko ikishatimia, inamimina yote kwenye gunia moja. Gunia hilo ndiyo programu yenyewe.

Kukoboa kulikwenda vizuri. Kabla ya saa tatu mifuko yote ilikuwa tayari. Kwenye kumimina, kompyuta ikagoma: kuna jina inalitafuta kwenye mfuko mmoja, haikulipata. Tekla akafungua karatasi ya maelekezo aliyoacha Mzungu. Tatizo lilikuwa limeandikwa na dawa yake imeandikwa: fungua faili fulani, badili mstari fulani. Akatabasamu. Kabla hajabadili hata herufi, umeme ukakatika.

Uliporudi, kompyuta ikaamka na kuuliza tarehe na saa, maana betri yake ndogo ya kuikumbusha ilikuwa imekufa siku nyingi. Kazi hiyo aliifanya Mzungu, na tangu aondoke kompyuta haikuwa imezimwa. Saa ya mkononi ya Tekla ilishaingia maji. Akachungulia dirishani, akamwona mlinzi, mzee wa Kisukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wake.

"Mzee Mabula, shikamoo! Saa ngapi?"

"Marahaba. Saa tatu na robo. Mmeshachoka tayari? Nyie watu wa ofisini bwana!"

Tekla akarudi mbio, akaandika saa tatu na robo. Kompyuta ikashukuru kwa namna yake, ikaendelea.

Akabadili ule mstari. Akaamuru kukoboa. Kompyuta ikaruka moja kwa moja mpaka kwenye kumimina, ikagoma. Jina lile lile. Mfuko ule ule.

Akafungua faili. Mstari umebadilika, anauona kwa macho yake. Akaamuru tena. Jina lile lile.

Akaufuta mstari mzima, akauandika upya taratibu, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kompyuta ikamjibu vile vile, kama mtu mliyegombana naye asiyetaka kusikia kwamba umeshaomba radhi. Akafanya ujinga wa makusudi: akaharibu faili lote, akajaza takataka ambazo hakuna mashine yenye akili ingezimeza. Kompyuta haikulalamika. Ikagoma kwa sababu ile ile ya mwanzo.

Hapo ndipo mwili ulipomsisimka. Kitu kinachokugomea kwa kosa uliloshalifuta, na kosa jipya unaloliweka hakilioni, hicho kinasoma nini? Akakazia macho maneno yaliyokuwa yanapita juu haraka haraka. Kompyuta ilikuwa inasema, tena inarudia: onyo, faili hili limeandikwa wakati ujao.

Wakati ujao! Tekla akapiga ishara ya msalaba. Hakuna mtu mwingine chumbani. Nani ameandika faili ambalo saa yake haijafika?

Daktari Kassian akaingia, ameshika miwani mkononi.

"Vipi, mama?"

"Bado kidogo, daktari."

"Ikishindikana usijiue. Kesho tutawauliza akina mama wenyewe nani mtoto wake amepata."

Alisema kwa upole, kumbe ndiyo amemmaliza. Maana huko Mbingu alikuwepo Serafina, dada yake Tekla, mwenye kichanga anayeitwa Deus. Serafina namjua, ni mpwa wangu pia. Ukimwambia kuna dawa ya bure, hata kama mtoto ameshapewa, atasema hajaiona hata harufu. Na si yeye peke yake. Mama gani atakataa dawa ya damu? Tekla akakiona kile kijiko kikienda kwenye mdomo wa Deus. Alijaribu kukumbuka kama jina la Deus alishaliingiza miongoni mwa waliopata. Watoto walikuwa wengi mno. Hakukumbuka.

Daktari alipotoka, Tekla alitoka nje akatapika nyuma ya tangi la maji.

"Una mimba?" Mabula akauliza.

"Nina kompyuta, mzee."

"Uza. Ng'ombe wangu akikataa kukamuliwa nabadilisha mkono. Hiyo yako ukibadilisha mkono inasema nini?"

"Inasema ya kesho."

Mabula akaacha kucheka. Akasogea hatua mbali na dirisha. "Basi mimi humo ndani siingii," akasema. "Hata ukiniita."

Tekla akarudi peke yake. Akakaa. Aliogopa kugusa, akaogopa kutogusa. Alikuwa bado amekaa hivyo, mikono imebanwa mapajani, kengele ya kanisani ilipogonga sala ya mchana, Malaika wa Bwana. Akasimama kusali kama alivyozoeshwa na mama yake, na macho yake, badala ya kuinama, yakaangukia pembeni mwa skrini, kwenye saa.

Sita kamili.

Akafarijika kidogo. Angalau kitu kimoja kimeafikiana leo: kanisani saa sita, kompyuta sita. Akaendelea na sala, akafika katikati, sala ikamkatikia mdomoni.

Tangu lini kompyuta ikaafikiana na kanisa? Kompyuta haijalelewa Ifakara. Saa zake inahesabu tangu usiku wa manane; kengele ya mchana ikigonga, yenyewe husema kumi na mbili. Na asubuhi Tekla, kwa woga, aliipa saa tatu na robo ya Mabula, saa ya watu, saa ya chai. Kompyuta ikaelewa ni saa tisa na robo ya usiku, jogoo bado wamelala.

Kumbe mashine ile ya kukoboa ni mvivu. Haisomi faili kujua kama limebadilika, inatazama saa tu. Mpunga ukiwa mpya kuliko mfuko wake wa mchele, inakoboa upya. Mpunga ukiwa wa zamani kuliko mfuko, inasema huu nilishaukoboa, inaupita. Mifuko ilifungwa asubuhi kabla umeme haujakatika, kwa saa za kweli; hiyo ndiyo iliyoonekana ya wakati ujao. Marekebisho yote ya Tekla yalipigwa mhuri wa usiku uliotangulia. Mbele ya kompyuta alikuwa mtu wa jana anayerekebisha mchele wa leo.

Akairudisha saa mahali pake. Akalirudisha faili aliloliharibu, akaubadili mstari. Halafu, ili asibaki na shaka hata punje, akaandika amri ya kuitupa mifuko yote. Daktari Kassian alikuwa amesimama mlangoni.

"Unafuta tena?"

"Ndiyo, daktari."

"Tekla. Asubuhi pia ulifuta."

Akabonyeza. Mbele yao kukawa hakuna kitu kabisa, si cha zamani wala kipya, na taa ya chumbani ikapepesa mara moja, kama inataka kuondoka tena. Wote wawili wakaitazama. Ikatulia.

Kukoboa kukaanza upya, faili moja moja. Daktari akavuta kiti. Kila taa ilipopepesa Tekla alishika meza, kana kwamba umeme unapitia mikononi mwake. Mifuko ikatimia. Kumimina kukaanza, na lile jina likapatikana, na gunia likajaa, bila neno.

Tekla hakushangilia. Akaingiza disketi, moja baada ya nyingine, akaiambia programu mpya impe watoto wa Mbingu. Akashuka na kidole kwenye skrini mpaka akamfikia.

Deus, mama Serafina. Amekwishapata.

Hapo ndipo alipolia. Akaamuru printa ichape, ili kesho hata Serafina akiapa kwa watakatifu wote, kijiko kimpite mtoto wake. Na ile printa, jamani, ililia! Ililia mpaka watu wa kijiji cha Mkula wakadhani treni imeacha reli. Mabula akakimbia na rungu, ng'ombe wake wakavuka mto bila kuambiwa, karatasi zikatoka zikajaa chumba, zikateremka ngazi, zikafika mtoni Lumemo, na viboko wakasimama foleni kutafuta majina ya watoto wao, na Daktari Kassian akapiga magoti akasema, binti huyu lazima ana mjomba mwenye aki—

"Mjomba! Mimi ndiye niliyezichapa: karatasi zilikuwa nne. Na ofisi ile haina ngazi."

"Nne ndefu, mpwa wangu, tena mimi mwenyewe nilizibeba kichwani kwenda n—"

"Siku hiyo ulikuwa kilabuni, mjomba, tangu asubuhi."