Choo Kilichoziba Kabla ya Kutumika

Kamati nzima ya kijiji iliwahi kunisomea dua nikiwa nimepiga magoti mbele ya choo.

Sitanii. Mikono juu, "amin" zinaitikiwa, na mimi nimeingiza kichwa nyuma ya bakuli na bisibisi mdomoni.

Tena ilikuwa dua ya kutoka moyoni, maana kila aliyekuwa akiitikia alikuwa amebanwa.

Naitwa Nassibu. Mwaka huo, tisini na tatu, nilikuwa fundi wa mafriji pale Kibiti. Mengi yalikuwa ya mafuta ya taa, kwa hiyo ufundi wenyewe ulikuwa nusu friji, nusu jiko.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuleta kitu chochote kutoka Dubai ilimradi kina swichi.

Na pale kwetu hakuna aliyeitumia ruksa hiyo kama tajiri wangu, Bwana Abdulkarimu. Alianza na marobota ya mitumba, akaja redio, akaja lori la soda. Mwishowe akaleta boti.

Siyo mashua. Boti. Nyeupe, ina viti vya sofa, ina mapazia. Waarabu walishaichoka, yeye akaipaka rangi na kuiandika ubavuni: USTAARABU.

Lakini boti yenyewe hakuipenda sana. Alichokipenda ni choo.

"Nassibu, hiki hakimwagi maji kama vyoo vyenu," aliniambia siku ya kwanza. "Hiki kinanyonya. Ndicho kilichopo kwenye ndege."

Akabonyeza kitufe. Kikafanya *fyuuuu*, kama mtu anayemaliza uji wa moto.

Akabonyeza tena. Halafu tena. Nilishamwona akibeba wanawe bila kufurahi kiasi kile.

"Wewe ndiye utakuwa fundi wake."

"Tajiri, mimi fundi wa friji."

"Friji lina mabomba, choo kina mabomba. Tatizo lako nini?"

Nikawa fundi wa choo.

Sasa, boti ile haikuletwa kwa ajili ya matembezi. Bwana Abdulkarimu alikuwa anataka ardhi Salale, kule delta, achimbe mabwawa ya kufugia kambamiti. Alipataka palepale panapolimwa mpunga, nyuma ya mikoko. Alisema ni eneo wazi.

Wazee walikuwa wamemzungusha muda mrefu. Kila akienda, wanasema tutafikiri. Akaona dawa ni kuwatoa kijijini, awapandishe kwenye Ustaarabu, awalishe, kisha waweke dole gumba.

"Ukiwauliza wakiwa shambani watakukatalia," alisema. "Waulize wakiwa kwenye sofa."

Tulipandia Nyamisati asubuhi. Mimi, nahodha, tajiri, na mkewe, Bi Biasha. Bi Biasha ni mzaliwa wa Salale hukohuko. Mpole, hasemi sana. Tajiri alimleta ili wazee waone kwamba yeye ni mkwe wao, si mgeni.

Alikuwa amejitanda mtandio wa waridi wenye nyuzi za dhahabu, zawadi ya mumewe kutoka safari ya Dubai. Tajiri alituambia habari za ule mtandio kabla hata hatujauliza.

Njiani mama wa watu akafanya usafi. Akafagia, akapanga vikombe, akakifukiza choo udi. Ndiyo, choo kilifukizwa udi. Halafu tajiri akakifunga mlangoni utepe mwekundu.

"Asikitumie mtu," alituonya. "Mwenyekiti ndiye atakayekizindua."

Tulipofika Salale wazee wakapanda. Mbele Mzee Zaidi, mwenyekiti, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nyuma yake wajumbe. Wa mwisho Bi Sikudhani, mwanamke pekee kwenye ile kamati, mama mtu mzima mwenye tabia mbaya ya kuuliza maswali.

Tajiri akamwamuru nahodha atie nanga katikati ya mto, mbali na kingo. Ati kuna upepo mzuri.

Upepo haukuwepo. Alichotaka ni wasishuke kabla ya dole gumba.

Wakala. Pilau, tikitimaji, chai ya maziwa, soda baridi chupa juu ya chupa. Mtu akiinua mkono kujikuna, anawekewa soda nyingine.

Maji yalikuwa yanakupwa. Ustaarabu ikakaa kwenye tope taratibu, kama kuku anayeatamia. Kijiji kizima kimejipanga kwenye kingo zote mbili, kinatutazama kama sinema.

Tajiri akaanza hotuba. Mabwawa. Ajira. Dola. Kisha akaeleza kwamba maji ya chumvi na uchafu wa mabwawa havitagusa mpunga wa mtu, kwa sababu ataleta pampu na valvu za kisasa.

"Pampu hizo zikiharibika?" akauliza Bi Sikudhani.

"Haziharibiki, mama. Teknolojia."

Mzee Zaidi alikuwa amekaa upande upande. Akamwinamia tajiri sikioni. Tajiri akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Wazee wangu, wakati wa uzinduzi umefika."

Mwenyekiti akakata utepe kwa mkasi wa kushonea. Makofi. Tajiri akasema abonyeze kitufe kwanza, wote wasikie, halafu ndipo aingie na haja yake.

Mwenyekiti akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Maji kidogo yakaingia kwenye bakuli, yakapanda, yakasimama yakitutazama.

"Nassibu," tajiri akaniita kwa sauti tamu sana. Nilipofika karibu akanong'ona, "Kifufue. Kisipofanya kazi, usirudi dukani kwangu, na Kibiti nzima hakuna atakayekupa friji."

Watoto wangu walikula kwa mafriji hayo. Nikachukua bisibisi.

Nikaanza na umeme. Fyuzi nzima. Nikashuka chini kwenye pampu, nikaiwasha. Ikanguruma vizuri, mshale wa kipimo cha mvuto ukapanda mpaka juu, ikajizima. Kwa hiyo pampu inanyonya.

Nikarudi kwenye bakuli. Nikakanyaga pedeli, ule mlango mdogo wa chini ya bakuli ukafunguka. Maji hayakwenda popote.

Pampu inavuta, bakuli halivutwi. Maana yake kuna kitu katikati.

Lakini ufundi ni mgumu ukiwa na washauri.

"Mimina maji ya moto," alisema tajiri.

"Chomeka upondo," alisema nahodha, mti wake wa kusukumia boti mkononi.

Mjumbe mmoja akapendekeza tuipige boti teke.

Mzee Zaidi hakupendekeza kitu. Alikuwa amefumba macho, ameshika ukingo wa mlango, anapumua kwa mpango. Ndipo akasema, "Jamani, tumwombee huyu kijana." Ikasomwa ile dua.

Kujisaidia mtoni kusingewezekana. Kanzu nyeupe, wanawake ndani ya boti, na wakwe zako, wajukuu zako na wagomvi wako wako kingoni wanakutazama. Mtu aliyewahi kuhutubia kijiji hawezi kusimama pale.

"Aliyeingia wa mwisho ni nani?" Bi Sikudhani akauliza.

"Hajaingia mtu, mama," akajibu tajiri. "Hakijatumika hata mara moja."

"Kimezibwa na nini basi? Hotuba?"

Hakuna aliyecheka. Kucheka kulikuwa hatari.

Nikawaomba wote wasogee mbele ya boti, nikajifungia. Nikaifungulia pampu hewa ili isivute tena, nikalegeza kibanio, nikachomoa bomba nyuma ya bakuli. Nikaingiza vidole.

Kitu laini.

Nikavuta. Kikaja kidogo kidogo. Waridi. Kikaja tena. Nyuzi za dhahabu.

Nikakaa chini.

Mlango ukagongwa kidogo. Bi Biasha, na ndoo mkononi, ati ameniletea maji ya kunawia. Kichwani alikuwa amejifunga kanga ya kawaida. Sijui kwa nini sikuiona mapema. Labda kwa sababu wote tulikuwa tunatazama choo.

Akaingia, akaurudishia mlango. Akaliangalia lile bomba.

"Umekiona?"

"Nimekiona, mama."

"Basi kirudishe."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama, tajiri amesema nisiporekebisha nisirudi dukani."

"Najua alichosema." Akaweka ndoo chini. "Nassibu, ukitoka kwenye mikoko ile, shamba la kwanza ni la mama yangu. Ndilo lililonisomesha madrasa na shule. La pili la mama mdogo. Mume wangu ameyaita eneo wazi. Nimemwambia usiku na mchana. Akanijibu wanawake hatujui uwekezaji."

"Sasa choo kinahusiana nini?"

"Kikifanya kazi, watarudi kwenye sofa. Nawajua wazee wangu. Wakishapumua, wataona aibu kula cha mtu kisha wamkatalie. Wataweka dole."

Hakulia wala hakunibembeleza. Alisimama tu, kama mtu anayengojea chenji yake.

"Umeusokomeza kwa kitu gani?" nikauliza. Fundi ni fundi.

"Mpini wa mwiko."

Nilifikiria watoto wangu. Nikafikiria pia kwamba kwetu Umwe mama yangu naye ana shamba la mpunga, na siku moja tajiri ataamua kwamba nalo liko wazi.

Nikauchukua ule mtandio, nikaukunja vizuri kwa heshima yake, nikausokomeza bombani. Nikakaza kibanio kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Nikatoka. Wote wakanigeukia kama mahujaji walioona maji.

"Tajiri, pampu imekufa. Kipuri chake ni Dubai."

Pampu yenyewe ilikuwa nzima kama chuma. Mungu anisamehe, ilikuwa pampu bora kabisa.

Tajiri aligeuka. Alimtazama mkewe. Akamtazama kwa muda, kuanzia kichwani, akaishia kichwani. Nikajua kazi yangu imekwisha.

"Sawa," akasema taratibu. "Pampu."

Mzee Zaidi hakungoja zaidi. Akaikusanya kanzu yake mpaka magotini, akapitisha mguu ukingoni mwa boti, akatumbukia kwenye tope. Wajumbe wakafuata. Sijawahi kuona kamati ikikimbia kwa mwafaka namna ile. Tope mpaka mapajani, na kingoni watu wanapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Bi Sikudhani alibaki wa mwisho. Nikampa mkono ashuke. Akageuka.

"Bwana Abdulkarimu, zile pampu za kuzuia uchafu usiingie kwenye mpunga wetu, ni ndugu wa hii?"

Tajiri alifungua mdomo. Teknolojia ikamkatalia kutoka.

"Nilitaka kujua tu, mwanangu," akasema mama, akaingia topeni.

Kibweta cha wino wa dole gumba kilibaki mezani katikati ya chupa za soda, hakijaguswa. Mkutano wa kijiji uliofuata ulipiga kura ya kukataa. Nasikia mjadala ulikuwa mfupi. Kila aliyesimama kutetea mabwawa aliulizwa habari za choo.

Mimi sikufukuzwa. Hilo lilinishangaza mno. Tajiri alisafiri mpaka Dubai, akarudi na pampu mpya kwenye boksi, akaniambia niiweke stoo. Hakuniambia niifunge, nami sikumkumbusha. Baadaye boti ikanunuliwa na mtu wa Mafia.

Na Bi Biasha akaendelea kumpikia mumewe chai. Upole uleule.

Miaka ikapita. Siku moja tajiri akanikuta stendi Kibiti, nashusha friji kwenye basi. Alishazeeka kidogo, biashara imepungua, tumbo limebaki. Tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa.

"Nassibu, ile pampu ilikuwa nzima."

Kahawa ikanipalia.

"Nilijua palepale," akaendelea. "Mtandio ule niliununua mwenyewe, nikauchagua kwa saa nzima. Unadhani sikuona kwamba haupo?"

"Sasa tajiri, kwa nini hukusema? Ulikwenda mpaka Dubai kununua pampu ya nini?"

Akazungusha kikombe.

"Ningesema nini mbele ya wale wazee? Kwamba nimekuja kuwaomba ardhi yao, na mke wangu mwenyewe amenikatalia? Wewe ulinipa pampu. Nikaishika pampu."

Nikamalizia kahawa yangu.

"Ukampa adhabu gani?" nikauliza.

"Adhabu?" Akacheka, mara ya kwanza. "Nilimnunulia mtandio mwingine. Akaupokea, akasema ahsante, akaniuliza kama nao unapita kwenye bomba."

Ndugu msomaji, somo langu ni dogo, na halihitaji uwe na boti.

Ukiwa na mpango wa kuwashawishi watu wengi, anza na yule unayekaa naye nyumba moja. Mweleze, msikilize, mjibu. Akikwambia hapana, usimwite mjinga kisha umkabidhi funguo za choo.