Mimi na mke wangu tulivyosomea mtihani mmoja wa uhandisi, tukiwa na mtoto anayenyonya

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa shamba.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika huwa naogopa. Leo mtoto kalala mchana, dukani kuna mtu, nikasema acha niandike kabla sijaghairi. Yote haya yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha na waliotoa ufadhili sitawataja. Aliyekuja kutafuta chai, yaani hadithi ya kutunga, atanisamehe, leo haipo.

Mimi ni Mzigua wa Kwaluguru. Wazazi wakulima, mahindi na kunde basi. A-level nilisoma Korogwe, PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, na huko kwenye twisheni ndiko nilikokutana na Rehema, Msambaa, kwao hapohapo mjini.

Wasichana wa PCM walikuwa wachache sana, kwa hiyo kila mtu alikuwa anajipendekeza kuwafundisha. Mimi nilibahatika kwa sababu vekta zilikuwa zinamsumbua na mimi nilikuwa nazijua. Wengine humpata mtu kwa maneno matamu, mimi nilimpata kwa vekta. Msicheke.

Matokeo ya form six yakatoka. Tulifaulu wote, ila si kwa kiwango cha kupata uhandisi tuliokuwa tunauota. Kozi nyingine hatukuzitaka, na nyumbani hali haikuruhusu kuchagua sana.

Maisha yakasonga. Nikapata kazi Chanika, pale Handeni mjini, duka la vifaa vya umeme. Tukaoana. Akazaliwa Salma.

Sasa siku moja jamaa tuliyesoma naye akatupia tangazo kwenye group. Kuna ufadhili wa kusoma uhandisi, kuna mtihani wa mchujo, na waliomaliza zamani wanaruhusiwa. Nafasi chache, waombaji kibao.

Nikarudi nyumbani mbio mbio. Rehema alikuwa anamkogesha mtoto kwenye beseni. Nikamsomea tangazo lote, nikamwambia najaribu.

Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Na mimi naomba."

Hakuniuliza, alinijulisha tu. Nikajibu sawa, na nilifurahi kweli, ila nitasema ukweli: moyoni nilijua ananisindikiza. Mtu ana mtoto mchanga, hesabu hajazigusa tangu aolewe, atafika wapi?

Bi mkubwa akaja kutoka Kwaluguru kutusaidia mtoto. Mama yangu hakusoma, lakini hakosi la kusema. Siku ya kwanza alipotuona na makaratasi akatuangalia weee, kisha akauliza, "Nyie mnasoma kitu kimoja wote wawili? Si asome mmoja, akimaliza amwambie mwenzake?"

Ratiba yetu ilikuwa baada ya swala ya alfajiri. Mkeka nje, chai ya rangi, past papers tulizochapisha stendi. Tunasoma mpaka muda wangu wa kwenda dukani. Salma akiamka ananyonya hukohuko mkekani, mama yake kalamu mkono mmoja.

Mimi ndiye nilikuwa mwalimu. Naeleza, yeye anauliza, naeleza tena. Wakuu, nisiwafiche, nilikuwa nainjoi. Dukani nauza soketi na holda za balbu kutwa nzima, lakini asubuhi pale mkekani mimi ni mtu.

Asubuhi moja kulikuwa na swali la tofali kwenye mteremko, limefungwa kamba inayopita kwenye kapi, upande wa pili kuna mzigo unaning'inia. Waliosoma fizikia mnalijua. Nikalieleza. Rehema akasema limemshinda. Nikalirudia, akasema bado. Nikamwambia usijali, kesho.

Mchana nikarudi nyumbani kuchukua chaja niliyoisahau. Nilipokaribia kona ya jiko nikasikia anaongea. Nikadhani kuna mgeni, nikasimama.

Alikuwa anaongea na Salma.

"Haya, wewe ndiye tofali. Unataka kuteleza, eh? Nani anakuzuia? Kamba inakuvuta juu. Na mkeka je? Mkeka nao unakushika, mama, huo ndio msuguano."

Mtoto anacheka. Rehema akaendelea, akalimaliza lile swali lote, tena kwa njia fupi kuliko yangu. Halafu akasema, taratibu, kama watu wanaosengenya:

"Hapa baba yako kasahau msuguano. Lakini tusimwambie, sawa?"

Wakuu, nilirudi kinyumenyume kama mwizi. Chaja sikuichukua.

Dukani mteja aliomba swichi nikampa holda, akanirudishia, nikampa tena holda. Kwanza nilikasirika. Nikajiona nimefanywa mtoto. Baadaye hasira ikaisha, kikabaki kitu ambacho mpaka leo sijui nikiiteje. Nilikuwa napiga hesabu kichwani: ni asubuhi ngapi amekaa pale anajifanya hajui? Na mtihani unakuja. Muda wa kujisomea anautumia kunifurahisha mimi.

Na kweli nilikuwa nimesahau msuguano.

Kesho yake, mkekani, akalitoa karatasi lilelile. "Baba Salma, hili jamani bado."

Nikamwambia, "Hebu nieleze kama ulivyomweleza Salma."

Mkono wake ukabaki hewani.

"Ulisikia?"

"Mpaka msuguano."

Akajifunika uso na khanga. Nikadhani anacheka, kumbe analia. Mama alikuwa anafagia upande wa pili, akaacha kufagia, kisha akaanza tena kwa nguvu kuliko mwanzo ili tuone hasikilizi.

Rehema akasema, "Ulikuwa unafurahi ukinifundisha. Ukitoka dukani jioni unakuwa umechoka hata kuongea, lakini asubuhi unakuwa yule wa twisheni. Sikutaka kukunyang'anya."

Nilimpa kalamu tu. Nikamwambia, "Nifundishe. Mimi hili silijui."

Kuanzia hapo mwalimu akawa yeye. Na ni mkali! Nikikosea ananirudisha mwanzo. Nikisema nimeelewa anabadilisha namba, ananipa tena. Kuna asubuhi mama alinionea huruma akaniletea kipande cha muhogo cha ziada.

Ila niwaambie kitu. Zile ndizo siku nzuri za ndoa yetu. Tulikuwa tunabishana hesabu za integration huku mtoto anatafuna kona ya karatasi, na hakuna aliyekuwa anamwigizia mwenzake.

Siku ya mtihani tulikwenda Korogwe, tukalala kwao Rehema. Bi mkubwa tulimchukua maana Salma alishamzoea, na maziwa ya chupa alikuwa anayatema. Mtihani ulikuwa kwenye shule moja pale mjini. Asubuhi hesabu, mchana fizikia.

Hesabu ilipoisha Rehema alitoka mbio, akakaa barazani, akamnyonyesha Salma. Kuna vijana walikuwa wanajadili majibu pembeni, yeye wala. Kamkumbatia mtoto, macho kafumba.

Fizikia ikaanza. Katikati nikasikia kilio nje. Mzazi anakijua kilio cha mwanawe hata watoto wawe mia. Rehema alikuwa mbele yangu, nikaiona kalamu yake imesimama. Hakugeuka. Mabega tu yalipanda.

Msinipe ushujaa hapa, tafadhali. Nilichokuwa nakijua nilishakiandika. Yaliyobaki nilikuwa nayakodolea macho tu na nayo yananikodolea. Nikanyoosha mkono, nikakabidhi karatasi, nikatoka.

Nikampokea Salma kwa mama, nikaondoka naye mpaka nyuma ya uwanja, mbali na madirisha. Nikamwimbia zile nyimbo zangu zisizo na kichwa wala miguu mpaka akalala begani.

Rehema alipotoka swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa nini ulitoka?"

"Nilimaliza ninayoyajua."

"Kweli?"

"Wallahi."

Akaniangalia muda mrefu, akaniamini. Ni kweli, na nashukuru ilikuwa kweli, maana ningetoka kwa kumwonea huruma asingenisamehe.

Majibu yalitoka nikiwa Kwaluguru, napukuchua mahindi na mama, Rehema kabaki Chanika. Kila mtu alitumiwa ujumbe kwenye simu yake. Wangu ukaingia: hukuchaguliwa. Nikampigia, hapokei. Nikapiga tena, hapokei.

Jua linaelekea kushuka nikaona bodaboda inakata kona. Rehema, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Uso umemshuka. Nikajua tumekosa wote.

"Umepata?" akaniuliza kabla hata ya salamu.

"Sijapata. Wewe?"

Akaanza kulia. "Nimeitwa."

Alisema kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Nikamshika. Nikasema alhamdulillah, na niliimaanisha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikanawa uso kwenye ndoo, na huko nililia kidogo, kilio cha kwangu mwenyewe. Furaha na uchungu, vyote viwili vilikuwepo. Sioni haya kusema.

Niliporudi mama alikuwa anatuangalia kwa zamu. "Kwa hiyo wa nyumba hii amepita au hajapita?"

"Amepita, mama. Rehema."

"Sasa mbona mnalia? Mtoto atalala na nani, mimi au baba yake?"

Rehema akasema, "Mama, sijasema kama naenda."

"Sijakuuliza kama unaenda. Nimeuliza mtoto atalala na nani."

Akarudi kupukuchua mahindi yake. Kikao cha familia ndicho hicho, kiliisha hapo.

Maneno yalikuwepo. Ndugu waliniambia nasomesha mke wa mtu mwingine. Najua na humu mtaandika, andikeni. Mimi nilimjibu kila mmoja vilevile: yule kafaulu mtihani ambao mimi nimeufeli, mnataka nimkalishe anipikie?

Kabla chuo hakijafunguliwa Salma aliachishwa ziwa. Wiki ile sitaki kuielezea. Mtoto analia mlango huu, mama yake analia mlango ule. Tukamsindikiza Rehema mpaka stendi ya Korogwe, na Salma akapunga mkono kwa furaha, anadhani mama anakwenda sokoni.

Likizo ya kwanza tulikwenda kumpokea palepale. Rehema kashuka kwenye basi anakimbia, mikono ameitanua. Salma akajificha nyuma ya mguu wangu. Hamjui.

Nilitaka kumsukuma mtoto aende. Rehema akanionyesha kwa kichwa, hapana. Akaketi chini, pale pale stendi, na gauni lake zuri, wapiga debe wanamruka. Hakuita. Hakutoa pipi. Alikaa tu anaangalia pembeni, kama mtu mwenye muda wote wa dunia, machozi yanashuka hayafuti.

Tulikosa gari la kwanza la Handeni. La pili nalo likaondoka. Salma akachungulia, akarudi. Akachungulia tena. Mwishowe akatoka, akaenda, akagusa kiatu cha mama yake, kisha akapanda mapajani akakaa, kimya, wala hamwangalii.

Mama yangu akasema, "Haya. Sasa twendeni."

Rehema yuko mwaka wa pili. Mimi sijaurudia ule mtihani, watu wananiuliza kila siku, bado sijui. Kusuka nywele nimejua, vibaya.

Nilichojifunza, wakuu: ukiona mtu wako anajifanya mdogo ili wewe usijisikie vibaya, usikae ukisubiri aache mwenyewe. Mwambie umemwona. Itauma kidogo, lakini mtaanza kuishi wawili kweli.

Waliosoma na wenza wao, au waliobaki na watoto mwenzao yuko chuoni, nielezeni mliwezaje. Hasa ile saa mtoto anapouliza mama yuko wapi. Wenye matusi pia karibuni, nitayasoma Salma akishakula.