Saa ya Mzee Suud

Saliha wa mtaa wetu wa Buyenzi hana ofisi. Miaka minne ametengeneza kompyuta kwenye baraza ya mama yake, na wenye maduka humletea zile zilizowashinda mafundi wengine. Zikipona humsifu sana, kisha kazi ya kudumu wanampa mwanamume. Hilo lilimuudhi, na mimi jirani yake liliniudhi zaidi.

Juzi aliitwa na Mzee Suud, mwenye maduka matatu ya vifaa vya shule na uchapaji. Kompyuta yake ya zamani ya Linux ilikataa kupakua programu ya printa mpya. Fundi mmoja wa mtaa wa Kinindo, mwenye gari na maneno mengi, alikuwa ameshatoa hukumu: mfumo umezeeka, hazina zake za mtandaoni, zinakopakuliwa programu, zimefungwa, inunuliwe nyingine. Alasiri angerudi na mkataba wa kuhudumia maduka yote. Mzee akaahidi: Saliha akiwahi kuiponya kabla ya hapo, kazi hiyo ni yake.

Nilikuwa pale, nimekwenda kununua madaftari, nikakataa kuondoka.

Kweli, anwani moja ya hazina ilikuwa imekufa. Saliha akaifuta, akaweka anwani kuu, ambayo bado inahudumia mifumo ya zamani. Kompyuta ikagoma tena, safari hii ikitoa sababu: orodha ya programu haijaanza kutumika, isubiriwe kwa muda wa saa mbili hivi.

Saliha akakunja uso. Akatazama pembeni mwa skrini: 8:05. Adhuhuri tulikuwa tumeshaiswali.

"Baba Suud, hii saa nani aliipanga?"

"Ni mi. Batri ya mashine ilikufa, kila asubuhi naipanga na saa yangu ya mukono."

Akanyoosha mkono kwa fahari. Mishale ilisimama kwenye nane na dakika tano: ameipanga kwa hesabu ya Kiswahili.

"Kwetu iko sawa, Baba. Lakini mashine inasoma nane ya asubuhi. Ile orodha imetoka leo saa ine yetu ya asubuhi, kwa mashine ni saa kumi, yenyewe inaona bado haijafika."

Akaandika 14:05, akaagiza upya. Mistari ikateremka bila kosa hata moja, programu ikaingia, printa ikatoa karatasi. Saliha akacheka kwa sauti. Furaha ilimjaa, na kwa nini aifiche?

Alasiri yule fundi akaingia, mkataba mkononi. Mzee Suud hakumpa kiti.

"Mashine imepona," akamwambia. "Ukiwa na swali, uliza fundi wangu. Ni huyu."